Nozeli ya roketi ya maji: tundu la milimita 9 au mdomo mzima wa chupa?

Roketi ya maji ni chupa inayorushwa na maji yanayosukumwa nje na hewa iliyoshindiliwa, na nozeli ni tundu yanamotokea. Mdomo wa chupa ya soda ya lita 2 una kipenyo cha ndani cha takriban milimita 22. Kwa shinikizo la baa 5, maji huanza kutoka kwa kasi ya mita 32 hivi kwa sekunde, tundu liwe kubwa au dogo. Kinachobadilika ni msukumo: shinikizo mara eneo la tundu, mara mbili. Mdomo mzima hutoa newtoni 380 mwanzoni, na maji ya mililita 700 huisha kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tundu la milimita 9 hutoa newtoni 64, kwa karibu nusu sekunde.

Roketi ya gramu 150 ikibeba maji hayo, mdomo mzima huirusha kwa msukumo wa mara 45 ya uzito wake, na mapezi yaliyobandikwa ovyo hubanduka hapo hapo. Milimita 9 huipa mara 7 na zaidi, kiasi kizuri sana. Lakini ukipachika kamera na parachuti hadi ikafika kilo 1 bila maji, tundu hilo halitoshi: roketi huacha reli (fito inayoiongoza wakati wa kuruka) polepole na upepo huilaza. Mimi sishuki chini ya mara 5.

Sasa umbo, ambalo wengi hulipuuza. Tundu lililotobolewa tu kwenye kizibo, lenye kingo kali, hubana mkondo wa maji hadi asilimia 62 hivi ya eneo lake; milimita 9 zako zinafanya kazi ya 7. Viringisha kingo za upande wa ndani. Upande wa nje usiupanue kama kengele: gesi hutanuka, maji hayatanuki.

Kupima ni rahisi. Funga nozeli chini ya ndoo, dumisha kina cha nusu mita juu yake, kisha kinga lita 1. Kwa tundu la milimita 9, sekunde 5 na kidogo, umbo ni zuri. Sekunde 8, kingo bado ni kali.

Chonga nozeli kwa nailoni, si chuma, na uiachie ukingo mpana unaokaa ndani ya kizibo ili shinikizo liikandamize. Usitegemee gundi, kwani epoksi haishiki plastiki ya vizibo. Jaribio la kwanza la shinikizo lifanyike chupa ikiwa imejaa maji hadi juu: ikipasuka hivyo, vipande haviruki mbali.