Desemba na Januari za mwalimu wa Kiswahili

Shule zetu Uganda hufungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa mwanzoni mwa Februari. Kwa mwalimu wa Kiswahili, hasa aliyepewa S.1 (kidato cha kwanza), kazi kubwa ya kipindi hicho ni azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha wiki kwa wiki, na hakuna namna rahisi ya kuliharibu kama kuchukua la mwaka jana na kubadili tarehe.

Anza na kalenda ya Wizara ya Elimu. Muhula wa kwanza huwa na wiki kama 13; ukiwa na vipindi 3 kwa wiki, kwenye karatasi una 39. Toa wiki ya kwanza, ambapo wanafunzi wanaingia mmoja mmoja na wengine wanarudishwa kufuata karo. Toa wiki ya mitihani ya katikati, kisha mbili za mwisho za marudio na mitihani. Zimebaki wiki 9, vipindi 27. Hapo bado hujagusa sikukuu: 16 Februari ya Askofu Mkuu Janani Luwum, 8 Machi, Idi, 1 Mei. Kama una vipindi Ijumaa na Jumatatu, Pasaka peke yake inakula viwili. Mimi ningepanga mada za vipindi 22 na kuacha vilivyobaki viwe vya kusahihisha na kurudia. Anayepanga 39 hufika Aprili anakimbiza mada, na ngeli ndizo zinazoumia.

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umeipa tathmini endelevu asilimia 20, kwa hiyo kazi hizo ziandikwe sasa: mazungumzo ya sokoni, tangazo la mkutano wa kijiji, mahojiano na fundi. Piga hesabu ya kusahihisha pia. Wanafunzi 80, insha ya ukurasa mmoja, dakika 3 kila moja, ni saa 4 nzima. Ukiweka insha kila wiki, utaishia kutia vema bila kusoma.

Sehemu inayolipa zaidi ni kujua darasa lako linazungumza nini nyumbani. Katika Luganda, r huja baada ya e na i. Kwingine ni l. Ndiyo maana utasahihisha “habali” na “balabala” mwaka mzima, kisha ushangae “mbele” imekuwa “mbere” na “pili” imekuwa “piri”. Si uzembe, mtoto anafuata kanuni ya lugha yake. H nayo hudondoka: “abali”. Andaa imla fupi za maneno kumi kumi kwa ajili ya hayo tu. Ngeli, kwa upande mwingine, zina mlango wazi: anayejua ekitabo na ebitabo ameshafika nusu ya njia ya kitabu na vitabu, kwa hiyo KI-VI itangulie. Kwa Waacholi na Walango wa kaskazini mlango huo haupo, maana lugha zao hazina upatanisho wa ngeli; ongeza vipindi, na ufundishe sentensi nzima, kitabu changu kimepotea, badala ya majedwali.

Chati za karatasi ya manila huchanika kabla ya muhula wa pili. Gunia jeupe la sukari hudumu: fumua mshono, lifue, likauke, pinda kingo na kuzishona zisifumuke nyuzi. Tumia rangi ya mafuta au kalamu nene ya wino usiofutika. Wino wa kawaida huoshwa na mvua ya kwanza inayopenya dirishani. Herufi zisipungue sentimita 4, la sivyo benchi la nyuma linakisia.

Kazi ya kupaka ubao weusi iachie wiki ya mwisho ya Januari. Mkaa uliotwangwa laini ukisuguliwa pamoja na majani mabichi ya viazi vitamu unatosha. Wapo wanaopasua betri kuukuu za redio kupata weusi wake. Weusi huo una sumu, na watoto wanafuta ubao kwa viganja.