Umebebwa, Ami

Wiki hii Mwanakhamis kaolewa Konde, karafuu za mwanzo zimeshauzwa, na mimi nimekabidhiwa Kidato cha Nne baada ya ule mvutano wa skuli niliouandika mwezi uliopita. Yote hayo yamepita. Lililobaki kichwani ni sauti ya Suleiman wa nyumba ya pili. Nikisahihisha madaftari naisikia, nikikuna nazi naisikia.

Ilikuwa Jumamosi baada ya Alasiri, ukumbini kwetu. Ndugu yangu Hamad kamaliza raundi ya mwisho ya Street Fighter, ile gemu ya ngumi ya kwenye TV: Ken, mpiganaji wake, kasimama, Luke wa Suleiman yuko chini. Vijana wa barza wamejaa mpaka mlangoni. Suleiman akaiweka pedi juu ya jamvi, taratibu, kwa adabu, maana mtoto yule adabu anayo, akasema: "Umebebwa, Ami. Ungecheza Classic hunipigi." Classic ndiyo ile namna ya zamani ya kucheza, ya kulichora pigo kwa dole kwenye pedi. Hamad akacheka, akajibu, "Sawa, mwanangu." Pedi ikaenda kwa mwengine.

Hiyo "sawa, mwanangu" ndiyo iliyoniuma. Umebebwa na nani? Na nini?

Mnaomjua Hamad tangu zamani mnakumbuka alivyokuwa kwenye mabanda ya gemu pale Wete. Wenzake walikuwa wakigombania mpira, yeye anangoja zamu ya ngumi. Halafu akaanguka mkarafuu kule Mtambwe, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaungwa, na dole gumba halijarudi. Linasukuma mbele, linasukuma nyuma, chini linafika kwa tabu. Kulizungusha ndiyo basi. Na Street Fighter tangu ile ya kwanza ya 1987 imejengwa juu ya mzunguko huo: ili Hadouken, lile pigo la kurushwa kwa mbali, itoke, dole lianze chini, lipite mshazari, limalizie mbele, kisha ngumi, yote kwa mpigo mmoja. Shoryuken nayo, ngumi ya kupaa juu, inataka mbele, chini, halafu mshazari. Kwa mwenye dole zima ni mazoezi ya wiki chache. Kwa Hamad mlango ulifungwa. Pedi ikapanda juu ya kabati na hakuna aliyethubutu kuishusha.

Rashid ndiye aliyetuletea Street Fighter ya sita, alipokuja kutoka Muscat na PS4 yake, mashine ya gemu. Gemu hiyo ilitoka Juni 2023 na ndani yake mna namna ya kucheza iitwayo Modern. Badala ya vitufe sita vya ngumi na mateke, unabaki na vitatu vya mapigo, hafifu, ya kati na mazito, na cha nne cha mapigo maalumu. Ukibonyeza hicho peke yake kwa Ken, Hadouken inatoka. Ukisukuma mbele ukakibonyeza, Shoryuken. Siku Hamad alipoijaribu aliniita kwa sauti iliyomtoa Mama jikoni mbio akidhani kuna nyoka.

Sasa njooni kwenye hesabu, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo. Pigo maalumu likitoka kwa njia ya mkato linakatwa asilimia 20 ya nguvu zake. Pigo la 1000 linakuwa 800. Maana yake Hamad anahitaji matano kufanya kazi ambayo Suleiman anaifanya kwa manne. Juu ya hayo, baadhi ya mapigo ya kawaida hana kabisa, vitufe vyake havitoshi. Nani anabebwa kwa kukatwa?

Nimejitahidi kumwelewa Suleiman pia. Akiruka, Hamad anasukuma mbele na kubonyeza, Shoryuken inamkuta angani. Yeye kwa jambo lilelile lazima achore, na akichelewa kidogo ameshapigwa. Amekesha kujifunza mchoro huo, halafu anaona mtu anaupata kwa kitufe. Inauma, nakubali. Ila kitufe hakimwambii mtu lini abonyeze. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda. Suleiman kila akibanwa pembeni anaruka, kila mara, na Hamad alishaliona hilo tangu raundi ya kwanza. Raundi ya mwisho alimsukuma mpaka pembeni akasimama, hakupiga chochote, anangoja tu. Mtoto akaruka. Kile kungoja hakikufanywa na Modern.

Na wala si jambo la ajabu walilolitunga kwa ajili ya mvivu mmoja. Gemu ya Super Smash Bros. tangu 1999 haimtaki mtu achore chochote, ni mwelekeo na kitufe, na watu wanaishindania mpaka leo. Tekken 8 ya 2024, nayo gemu ya ngumi, imeweka njia rahisi ambayo mchezaji anaiwasha na kuizima katikati ya pambano. Hii ya sita yenyewe ina mipangilio ya sauti inayomwezesha asiyeona kusikia mpinzani wake yuko umbali gani. Asiyeona! Mimi nikisoma mambo kama hayo nafurahi wallahi, maana visiwani kwetu ndondi zilizuiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na hazikurudi mpaka 2023. Marehemu Baba aliishi umri wake bila kuona ulingo hapa nyumbani. Ngumi tulizokua nazo sisi ni za vidole. Kama na hizo mtu ataulizwa kwanza dole lake likoje, atabaki na zipi?

Yote hayo niliyapanga vizuri niende nikamwambie Suleiman. Nikamwomba Mama ushauri, akanambia mwache mtoto. Sikumwacha, moyoni.

Usiku wa kuamkia Alhamisi nikaamka kunywa maji, nikaona mwanga wa TV ukumbini. Hamad yuko peke yake, sauti kaizima, yumo kwenye chumba cha mazoezi cha ndani ya gemu. Pembeni mwa skrini kulikuwa na ile safu ya mishale inayoonyesha kila alichobonyeza. Chini. Mbele. Ngumi. Kati ya chini na mbele hapakuwa na mshazari. Akarudia, ukakosekana tena. Dole lilikuwa linaruka pale pale, na kila likiruka Ken anapiga ngumi ya kawaida hewani. Nilikaa nyuma yake bila kusema. Safu ikashuka, ikashuka, halafu ukatokea: chini, mshazari, mbele. Hadouken ikatoka.

"Umeona?" akanambia, hakugeuka. "Hata ukiwa Modern, ukichora mwenyewe hukatwi. Inatoka nzima."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya maneno ya Suleiman. Akasema ndiyo. Mimi nikaanza hesabu yangu ya asilimia 20, akanikata.

"Dada, tangu nianguke, keram wananiachia. Bao wananiachia. Hata Rashid ananiachia, na Rashid hajawahi kumwachia mtu kitu. Yule mtoto alikasirika. Alikasirika kwa sababu nimempiga kweli."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimtazama usoni, sikuona mtu aliyeumizwa, niliona mtu mwenye mpinzani. Uzito niliokuwa nao wiki nzima ukashuka. Nikamletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina uliobaki harusini, tukakaa mpaka ule mshazari ukatokea tena. Jumamosi hii Suleiman anakuja, na hesabu yangu nitampa, lakini nitampa baada ya mchezo.

Kinachonisumbua sasa ni cheti cha kuzaliwa cha Rauhiya. Kimeandikwa jina la babu mahali pa jina la baba, uandikishaji wa skuli unafungwa mwisho wa mwezi, na aliyekiandika kanambia nirudi Jumatatu na sheha. Sheha naye kasafiri Unguja, simu yake haipatikani. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kurekebishiwa cheti bila sheha kuwepo, aniambie alifanyaje.