Nilivyohama Mac, na kilichokuwa kinanishika kweli

Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale watu wa Mac, kompyuta za Apple, ambao ukiwauliza kwa nini hawabadilishi kompyuta wanakupa hotuba nzima: haisumbui, inadumu, skrini yake safi, virusi havisikiki. Hotuba yangu niliiamini. Kisha nikapata kazi inayotumia programu ya mahesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, nikakabidhiwa na laptopu yake. Nikaona kama nitashinda na mashine hiyo kutwa nzima, heri nihamie moja kwa moja kuliko kuishi na kompyuta mbili, kila moja ina nusu ya mambo yangu.

Ajabu ni kwamba nilipohama, hakuna hata hoja moja ya kwenye ile hotuba iliyojitokeza. Skrini ilikuwa nzuri, kasi ipo, na virusi sikuviona. Kilichonitesa ni kidole gumba.

Waliozoea Mac watanielewa. Kitufe cha Command kimekaa ubavuni mwa kitufe cha nafasi, kwa hiyo ukitaka kunakili, kukata, kubandika au kutendua, gumba linashikilia Command na kidole kingine kinagusa C, X, V au Z. Kiganja hakihami. Windows kazi hiyo imepewa Ctrl, nayo Ctrl iko kule pembeni kabisa chini kushoto, unaifuata kwa kidole cha mwisho. Kila nilipotaka kunakili, gumba lilienda lenyewe kwenye Alt, na ama hapakutokea kitu, ama ilifunguka menyu ambayo sikuiomba. Kwenye Mac ukichagua faili ukabonyeza Return, unabadilisha jina lake. Kwenye Windows ukibonyeza Enter, unalifungua. Basi nikitaka kubadilisha jina la folda, najikuta nimeshaingia ndani yake. Kitufe cha kubadilisha jina ni F2, na F2 mimi sikuwahi kuigusa maishani.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kuwa watu hawakai na kompyuta kwa sababu wanazozitaja. Itazame Mac yenyewe. Ilianza mwaka 1984 na chipu ya Motorola. Mwaka 1994 Apple wakahamia PowerPC, mwaka 2006 wakahamia Intel, na kuanzia 2020 wakaingiza chipu zao wenyewe, ya kwanza ikiwa M1. Katikati ya hayo, mwaka 2001, mfumo endeshi nao ukabadilishwa toka msingi ilipotoka Mac OS X. Kwa maneno mengine, mashine imetolewa matumbo na kuwekewa mengine zaidi ya mara moja, na mara kadhaa programu za zamani zikahitaji programu nyingine ya kuzitafsiria ili ziendelee kufanya kazi. Watu wengi hawakuondoka. Lakini Command na Z, X, C, V zipo tangu ile Macintosh ya kwanza, na menyu bado iko juu kabisa ya skrini kama ilivyokuwa. Vilivyobadilishwa ni vile ambavyo mkono hauvigusi.

Nina rafiki wa laptopu za ThinkPad ambaye hadithi yake ni hiyo hiyo. IBM walizianzisha mwaka 1992, na mwaka 2005 biashara yao ya kompyuta ikachukuliwa na Lenovo. Mwenye kampuni amebadilika, rafiki yangu hajabadilika, kwa sababu kile kidude chekundu katikati ya kibodi bado kipo na anasogeza mshale bila kuinua vidole kwenye herufi. Mpe laptopu nyingine yoyote, dakika ya kwanza utaona kidole chake kinatafuta kitu kati ya G na H. Na wapo watu wa Amiga, kompyuta za zamani, ambao kampuni yao, Commodore, ilifilisika mwaka 1994, na bado mwaka 2021 likatoka toleo jipya la mfumo wao. Huo sasa ni uaminifu ambao mimi siufikii.

Dawa ya gumba niliipata kwenye PowerToys, programu ya bure ya Microsoft wenyewe. Ina sehemu ya kupanga upya vitufe. Niliiambia Alt ya kushoto ifanye kazi ya Ctrl, na Ctrl ya kushoto ifanye ya Alt. Mara moja gumba likapata kazi yake ya zamani. Gharama yake ni kwamba Alt na Tab, ile ya kuruka toka dirisha moja hadi jingine, ikahamia kidole cha mwisho, nimeizoea. Anayeazima laptopu yangu ndiye anayepata taabu, na sioni sababu ya kumhurumia.

Baada ya mikono yalibaki mafaili, na huku ndiko kuna kufuli la kweli. Diski yangu ya nje ilikuwa imeumbizwa, yaani imepangwa namna ya kuhifadhi mafaili, kwa APFS ya Apple, ambayo Windows haiisomi bila programu ya ziada. Mac nayo inasoma diski ya NTFS ya Windows lakini haiandiki humo. Zote mbili zinaelewana kwenye exFAT. Kwa kuwa kuumbiza kunafuta kila kitu, nilichukua diski ya pili isiyo na kitu, nikaiweka exFAT, nikanakilia humo, na ile ya kwanza sikuigusa mpaka nilipohakikisha kila kitu kinafunguka upande wa pili.

Nyaraka za Pages, programu ya Apple ya kuandikia, zilinila muda kuliko vyote. Word haizifungui, kwa hiyo ilinibidi nizifungue kwenye Mac moja baada ya nyingine na kuzitoa kwa muundo wa Word. Hata hivyo zilifika zimevurugika: fonti za Apple hazipo Windows, mfumo unaweka nyingine badala yake, mistari inasogea, na jedwali lililokaa vizuri ukurasa wa pili linakatika katikati. Zile ambazo sitazihariri tena nilizifanya PDF, nikaachana nazo. Picha nilizitoa albamu kwa albamu, kila moja na folda yake, nikichagua nakala asili zisizopunguzwa. Manenosiri yanatoka kwenye Mac kama faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulisoma, kwa hiyo lile nililiingiza kwenye programu ya kutunza manenosiri na kulifuta papo hapo, hadi kwenye pipa la taka.

Programu za kulipia sitaziongelea sana. Nyingine leseni yake inakubali mifumo yote miwili, nyingine unanunua upya, basi.

Nikiulizwa leo ipi bora, sina hotuba tena. Ninachofanya ni kuhifadhi kazi kwenye miundo inayofunguka popote, na kuweka vitufe pale vidole vyangu vinapovitaka. Kuna kitu kimoja tu ambacho sijakipatia mbadala wa kuniridhisha. Nilizoea kunakili maneno kwenye simu ya iPhone na kuyabandika kwenye Mac kana kwamba ni kifaa kimoja. Simu sijaibadilisha, na sina mpango. Kwa hiyo mtu mzima nakaa najitumia barua pepe mwenyewe, zenye mstari mmoja, kutwa nzima.