Nzuri mno

Leo ni Ijumaa lakini mimi sijaondoka Jumanne. Nimeendesha gari, nimepika, nimewalaza watoto, nimelala hata mwenyewe, ila ukinifunua moyo utanikuta bado nimesimama kwenye kaunta ya Mzee wa Kona, Mhispania mwenye duka hapa Uingereza ninayemletea bidhaa za kwao, nimekumbatia boksi la mikebe, nacheka meno yote nje.

Wiki yenyewe ilikuwa nzito. Lori lilishikiliwa Sevington, kituo cha ukaguzi wa mizigo ya mpakani, siku mbili, mwenye ghala kapandisha kodi, na kifunguamimba wangu kapata barua ya chuo kikuu, alhamdulillahi. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo nataka neno moja linitoke.

Ilikuwa hivi. Niliingia dukani kwake saa nne asubuhi kama Jumanne zote. Nikamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba," ile yake mnayoijua, yenye r inayoviringika hadi mlangoni. Nikaanza kupanga. Jibini mbili za Manchego, zile za maziwa ya kondoo. Makopo ya pilipili za piquillo kutoka Lodosa. Anchoa za Santoña, samaki wadogo wa chumvi, nikazitia moja kwa moja kwenye friji lake, maana zile hazikai rafuni. Nilipofika kwenye pimentón, unga wa pilipili nyekundu ya moshi, akanishika mkono. Mikebe sita, myekundu, ile ile ya siku zote. Akautwaa mmoja, akaugeuza chini juu, akaupangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaurudisha kwenye boksi langu. Akasema, "Es demasiado bueno, hija."

Nami nikasema, "Gracias."

Basi. Nikamaliza kupanga, akatia sahihi, nikatoka.

Mwiba uko hapo kwenye hiyo gracias. Kihispania changu nimekiokota majikoni na ghalani, sikukisoma darasani. Bueno ni nzuri, na demasiado nimezoea kuisikia kama "mno" yetu. Sasa "mno" yetu ina pande mbili. Ukimwambia mtu pilau yako nzuri mno, umemsifu, atakuongezea mwiko. Ukimwambia chumvi umetia mno, umemlaumu. Upande upi umekusudiwa tunausoma usoni. Demasiado kwa kawaida haina upande wa pili. Demasiado ni kupita kiasi, ni maji yaliyofurika ndoo. Yule mzee aliniambia bidhaa yangu imelipita duka lake, nisilete tena. Na mimi nikamshukuru.

Nilikuja kufahamu kwenye taa nyekundu, kama dakika ishirini baadaye, nilipogeuka nikaliona boksi kwenye kiti na mikebe yote sita ndani. Gari la nyuma likanipigia honi.

Tangu hapo narudia. Ile bueno aliisema kwa upole au kwa kuchoka? Neno hija, mwanangu, alilitia mwisho ili kunilainishia, au limemtoka tu kwa mazoea? Kwa nini alipangusa mkebe msafi? Na alipoona nimecheka na kushukuru, alinionaje? Usiku wa Jumanne nililala nikiisema kwa sauti zote nilizoweza, na kila sauti ilikuwa na maana yake.

Angekuwa mwingine nisingekaa nayo hivi. Wapishi wa migahawa huja na kwenda. Wengi huniacha siku ile ile ya kwanza, wanapoulizia jamón na chorizo nikawaambia nguruwe sichukui. Hilo niliamua kabla sijanunua hata debe moja la mafuta, na silijutii, ingawa lina bei yake: mgahawa wa Kihispania unataka dereva mmoja alete vyote, nyama, jibini na mafuta, apewe sahihi moja aende zake. Mzee wa Kona nyama yake anachukua kwa mtu mwingine, na huu ni mwaka wa nane bado ananifungulia mlango. Hata mwaka ule wa mafuta ya zeituni kupanda bei hakuniacha. Mnakumbuka nilivyoandika hapa nikilia: ukame uliichoma Andalusia, mafuta ya msimu wa 2022/23 Hispania nzima yakashuka hadi tani 660,000 hivi, chini ya nusu ya msimu uliotangulia, na mwanzoni mwa 2024 kilo moja ya mafuta mazuri ilipita euro 8 kinuni kwenyewe, kabla haijapanda gari. Wateja watano waliniacha wakaenda kwenye mafuta ya mchanganyiko. Yeye alipunguza madebe kutoka sita hadi matatu, akaendelea kulipa siku ile ile.

Halafu ni pimentón. Angenirudishia kitu kingine chochote, si hicho. Kwao ni La Vera, mkoa wa Cáceres, kule kule inakotoka. Vitu vyote ninavyovijua kuhusu ile pilipili kanifundisha yeye, akiegemea kaunta, wateja wakisubiri. Kwamba Murcia wanaianika juani, lakini La Vera vuli yake ni ya mvua, jua halitoshi, ndiyo maana wakaikausha kwa moto. Kuna nyumba maalumu: chini kuni za mwaloni zinafuka, juu pilipili zimetandazwa kwenye sakafu ya fito zenye nafasi, moshi unapenya. Karibu wiki mbili, na kila siku mtu anapanda kuzigeuza kwa mikono, macho yanatiririka. Ndipo zinasagwa polepole kwenye mawe ili unga usipate moto ukapoteza rangi. Mama yake alikuwa mgeuzaji. Aliniambia msimu wote hakuna nguo yake iliyotoka moshi, hata ya kanisani.

Siku aliponieleza hivyo nilimkatiza. Nikamwambia hiyo ni chanja! Sisi Tanga tuna chanja, nazi zimepangwa juu, makumbi yanawaka chini, unapata mbata. Bibi yangu mzaa baba alinuka mbata hadi anaingia kaburini. Tukatazamana kama watu waliokutana ukoo.

Urafiki wetu wote umejengwa kwa maneno ya namna hiyo. Mara ya kwanza kabisa, 2017, nilikwenda na vichupa vya zafarani ya La Mancha. Akanyanyua kimoja kwenye mwanga, zile nyuzi nyekundu, akasema "Azafrán." Nikasema, "Kwetu zafarani." Akacheka. Akaonyesha aceitunas, nikamwambia zeituni. Azúcar, sukari. Akapiga kaunta kwa kiganja, mesa, nikamwambia meza. Jabón, sabuni. Alipofika kwenye arroz tukaachana, sisi ni mchele, akasikitika kweli kweli. Mengi ni Waarabu waliopita kwao na kwetu, jabón yao ni ya Kilatini, meza yetu ni ya Wareno, lakini asubuhi ile ilikuwa kama mimi na yeye tu ndio tuliopanga. Tangu hapo haipiti Jumanne hajanitafutia neno. Na mimi nilimlipa kwa jibini: nilimwonyesha yale maandishi ya kupinda kwenye ganda la Manchego, alama iliyoachwa na mikanda ya nyasi za esparto iliyosukwa ambayo zamani ilifungwa kulizunguka jibini, nikamwambia huo ni ukili, mama yangu anausuka wa miyaa. Siku hizi wanatumia vyombo vya plastiki vilivyochorwa alama ile ile, ila ukili ni ukili. Safari iliyofuata nilimletea mkeka mdogo. Upo chini ya mizani yake mpaka leo.

Ndiyo maana neno kuniangusha pale pale, kwenye kaunta ile, limeniuma zaidi ya kupoteza mikebe sita.

Jumatano usiku nilimsimulia baba watoto. Nilitaka aniulize alisema kwa sauti gani. Yeye akavua viatu, akakaa, akauliza, "Mkebe unamuuzia ngapi sasa?"

Nilikasirika. Nilimwona hana moyo. Nikamwambia bei haihusiani, huyu ni mzee wangu. Akasema haya, akaenda kuoga.

Lakini swali halikwenda kuoga. Saa sita za usiku nikafungua kompyuta na kuvuta ankara za Mzee, moja baada ya nyingine, kurudi nyuma. Mwishoni mwa 2020 mkebe wa gramu 70 nilimuuzia pauni 1.70. Jumanne hii ulikuwa 2.95. Nikatazama na ankara za mwenye kinu cha pimentón. Yeye kule Cáceres ameongeza senti thelathini kwa miaka yote hiyo.

Nyingine yote ni mimi.

Nitaeleza ilivyotokea, na ninajieleza mwenyewe vilevile. Januari 2021 Uingereza ilipotoka kabisa kwenye soko la Ulaya, zikaja karatasi za forodha. Mwanzoni mwa 2024 jibini ikaanza kudaiwa cheti cha afya kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo kule Hispania kabla ya kupakiwa. Aprili 30 mwaka ule ule ikaanza ada ya mpakani, pauni 29 kwa kila aina ya bidhaa inayohusika, isiyozidi 145 kwa shehena, lori lifunguliwe lisifunguliwe. Wakala wa forodha naye anataka chake. Gharama zilinijia kama mvua, na mimi niko peke yangu na watoto na simu inalia. Nikafanya lililokuwa jepesi: jumla yote ya mpakani nikaigawa kwa idadi ya vitu lorini, kila kitu kikabeba sawa. Kilo tatu za jibini na mkebe wa gramu 70, mzigo mmoja.

Pilipili ya unga haidaiwi cheti cha daktari wa mifugo. Haina kondoo ndani. Mzee wa Kona amekuwa akilipia vyeti vya jibini wanayokula watu kwenye migahawa ya Bermondsey, London, kwa mikebe ya kwao mwenyewe.

Na alijua. Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikakaa gizani. Huyu mtu husoma ankara kwa rula, mstari kwa mstari, kalamu sikioni. Nimemwona kila Jumanne kwa miaka. Aliona 1.70 ikawa 2.10, ikawa 2.60, ikawa 2.95. Wateja wake ni wazee wenzake wa pensheni na vijana wapangaji, hawawezi kununua mkebe wa pauni nne na nusu. Hakuniambia "umenipandishia." Alikaa nayo, na ilipomshinda kabisa akatafuta neno lisiloniaibisha, akaitukuza bidhaa ili asiitaje bei. Nzuri kupita kiasi, mwanangu. Mstahamilivu yule! Siku zote hizi ninamlaumu kwa neno moja, kumbe alikuwa ameshanivumilia kwa mwaka mzima.

Jana jioni niliufungua mmoja wa ile mikebe sita. Nilikaanga viazi kwa mafuta ya zeituni, nikaondoa sufuria motoni kwanza ndipo nikanyunyiza, maana ukitia jikoni inaungua na kuwa chungu, hilo nalo ni somo lake. Moshi ule ukajaa nyumba. Kitindamimba akaja mbio kutoka chumbani, akasimama mlangoni akinusa, akasema, "Mama, inanuka kwa bibi." Alikwenda Tanga mara moja tu, akiwa na miaka mitano. Sikujua kama amechukua kitu.

Alikula sahani mbili, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikala nikasikia ladha.

Nimepiga hesabu upya. Mzigo wa jibini utabebwa na jibini. Manchego itapanda, na wapo wateja wawili nawajua watanifokea, wanifokee. Mafuta yatashuka kidogo. Mkebe utakuwa 2.05. Kwa yale aliyolipa zaidi mwaka huu nimemwandikia punguzo kwenye ankara mpya, pauni 61 na senti kadhaa, mstari wake peke yake ili rula iuone. Nimemwandikia na ujumbe kwenye simu mara tatu, nikaufuta mara tatu, kwa sababu kila nikisoma naona ninajitetea. Nitakwenda Jumanne mwenyewe. Nitaviweka vitu vyote rafuni kwanza, mikebe nitaibakiza ya mwisho, halafu nitasema. Perdón ni neno fupi sana kwa mwaka mzima. Samahani anaijua, nilimfundisha siku ile nilipomwagia siki kwenye sakafu yake.

Baba watoto nimemwomba radhi tayari. Akasema haya.

Kuna jambo jingine. Mama alinitumia sauti jana, na katikati ya maneno nasikia upepo unavuma hadi unamfunika. Kusi limeanza. Ule mnazi wa nyuma, ule mrefu, umezidi kulalia upande wa jiko. Kijana wa msumeno aliahidi Ijumaa iliyopita baada ya sala, hakutokea, akaahidi hii. Mama anasema kwa sasa anapikia barazani, na anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile kila mtu anapikia barazani. Ndugu yangu yuko safarini Pangani hadi Jumapili. Huko sasa ni saa nne za usiku. Nimempigia Mama mara mbili, inaita tu.