Siku sita za baiskeli na kamera: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki moja kabla

Mradi wenyewe ni huu: siku sita za likizo vijijini kwa baiskeli, nirudi na picha 12 za mandhari ambazo sitaona haya kuzichapisha kubwa na kuzitundika ukutani. Kumi na mbili tu. Safari iliyopita nilirudi na picha 900 na hakuna hata moja niliyoipenda.

Leo kila kitu kimepita kwenye mzani. Tripodi (kile kisimamio cha kamera cha miguu mitatu) ya zamani ina kilo 2.3, nimeazima nyingine ya kilo 1.4. Lenzi mbili, ya milimita 24 inayoona eneo pana na ya milimita 85 inayovuta karibu kidogo. Ile ndefu ya kuvuta vilima vya mbali nimeiacha nyumbani, roho ikiniuma. Betri tatu. Ratiba: kilomita 85 kwa siku.

Siku ya 1

Kilomita 87. Picha za maana: sifuri.

Niliondoka mapambazuko ili nimalize masafa kabla jua halijawa kali, kama nilivyozoea siku zote. Dakika ishirini hivi baadaye nikalikuta bonde limejaa ukungu, vilele vya miti vimechomoza juu yake kama visiwa. Nikalipita. Nilikuwa kwenye mteremko, baiskeli inakwenda yenyewe, nikajiambia mbele kutakuwa pazuri zaidi. Mbele palikuwa pazuri kweli, lakini nilipafikia jua likiwa utosini, kila kitu bapa, vivuli vimejificha chini ya miti. Jioni mwanga uliporudi, mimi nilikuwa nimepinduza baiskeli kando ya njia, nabadilisha tyubu.

Kumbe miguu na mwanga vinagombania saa zile zile. Sijui kwa nini sikuliwaza hilo nilipokuwa nyumbani na ramani.

Siku ya 2

Ratiba nimeichana. Kilomita 45 kwa siku, basi. Asubuhi na jioni ni za kamera, katikati ndiyo ya pedali.

Hesabu iliyonishawishi ni nyepesi. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa angani. Ule mwanga wa dhahabu tunaoupenda huanza likiwa limebakiza kama nyuzi 6 juu ya upeo wa macho. Karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo nyuzi 6 zinaisha kwa dakika 24 hivi. Ukienda mbali na Ikweta linashuka kwa mshazari na muda unarefuka. Kwa vyovyote, anayefika wakati mwanga tayari umekuwa mzuri amechelewa: bado hajashuka kwenye baiskeli, hajafungua tripodi, hajajua asimame wapi.

Kwa hiyo mchana sasa ni wa upelelezi. Na hapo ndipo baiskeli inapolipa. Ukiwa juu ya kiti, macho yako yanapita juu ya nyasi na vichaka vya kando ya njia, na ukiona kitu unafunga breki hapo hapo bila kutafuta pa kuegesha. Leo nimeweka alama nne kwenye ramani, kila moja na mshale wa upande jua litakakokuwa.

Picha 2.

Siku ya 3

Nimeharibu asubuhi nzima kwa uzembe wangu. Kamera ilikuwa kwenye begi la usukani, niifikie haraka. Barabara ya vumbi ilikuwa na mawimbi kama bati, kilomita 14 za kutetemeka meno. Nilipofungua begi, kichujio, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, kilikuwa kimejifungua skrubu zake chenyewe na kinacheza juu ya lenzi, na vumbi limeingia kila mahali. Halafu nikabadilisha lenzi pale pale, upepo ukivuma. Nastahili.

Madoa nimeyagundua jioni. Kwa f/4, tundu la lenzi likiwa wazi, anga lilikuwa safi; kwa f/16, tundu likiwa dogo, likajaa vidoti vyeusi. Ndivyo vumbi la kwenye kihisi, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, lilivyo: tundu la lenzi likiwa dogo, kivuli cha kila chembe kinakuwa kikali. Nimelipuliza kwa pampu ya mpira, kamera imetazama chini, mengi yametoka. Kuanzia sasa kamera inakaa kifuani kwangu, kwenye mkanda uliobana. Mwili unameza mtikisiko ambao begi la usukani haliwezi.

Siku ya 4

Mvua. Kilomita 11. Nimelala.

Siku ya 5

Hii ndiyo siku niliyoijia. Kona ya mto niliyoipeleleza jana wakati mvua imepumzika kidogo: maji yanapinda kushoto, ng'ambo kuna safu ya miti, na karibu na miguu yangu majani marefu yamebeba umande. Nilifika giza bado lipo. Tripodi chini kabisa, kifua kwenye nyasi, nguo zimelowa chapachapa.

Lenzi ya 24, f/11, fokasi mita 1.8. Kwa kamera ya kihisi kikubwa, hapo ukali unaanzia kama sentimita 90 mpaka mwisho wa macho, yaani jani la mbele na miti ya ng'ambo vyote vinasomeka. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 100 ilinipa robo sekunde ya kufungua shata (pazia linaloingiza mwanga), na majani yakatoka kama moshi kwa sababu ya upepo. Nikapandisha mpaka 400, shata ikawa 1/15 ya sekunde, nikasubiri upepo uvute pumzi. Begi la keria nililitundika chini ya tripodi liwe nanga, likaanza kubembea na kutikisa kila kitu, mpaka nilipolishusha liguse ardhi. Kichujio cha polaraiza, kile cha kupunguza mng'ao na kukoleza anga, nilikivua: kwa lenzi pana hivyo kinaligawa anga, upande mmoja bluu nzito, mwingine umepauka.

Jua lilipogusa umande nilibonyeza mara sita. Nimebakiza moja.

Siku ya 6

Kilomita 38 za kurudi, upepo wa usoni.

Jumla ni picha 7 kati ya 12, tatu kati yake zina madoa ya kufuta. Ile ya bonde la ukungu sina. Alama yake nimeiweka kwenye ramani, na safari ijayo nitalala juu ya mteremko ule, si kilomita nane nyuma yake.