Kiua cha Katikati

"Mama, hii ni giligilani?"

Mwanangu wa mwisho alikuwa ameshika ua lililokauka, bapa kama karatasi. Lilikuwa limedondoka kutoka kwenye daftari langu la Wisconsin, Marekani. Nikamwambia siyo, ila ni ndugu yake. Kisha nikajikuta nimekaa sakafuni, nasugua mkono wa kushoto pale penye lile kovu.

Kovu ni la Julai ya mwaka wa kwanza. Nilifyeka majani kando ya njia, jua la utosi, mikono mitupu, na utomvu wa pasinipi mwitu, mmea wa ukoo wa karoti, ukanirukia. Siku hiyo sikuhisi kitu. Ndivyo ulivyo mmea huo: utomvu wake una kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua, na ngozi huja kuungua kesho yake au kesho kutwa. Malengelenge yalipopona yaliacha mabaka ya kahawia, na moja halijafutika mpaka leo. Tangu hapo kila mwavuli wa maua ya njano niliuhesabu adui.

Juni iliyofuata nikajitolea kuung'oa mmea huohuo kwenye mbuga moja ya nyasi. Pasinipi, Pastinaca sativa, ililetwa Marekani kutoka Ulaya na walowezi waliokula mizizi yake. Ikatoroka mashambani, na sasa inaisonga mimea ya asili. Safari hii nilivaa glavu na shati la mikono mirefu. Kazi yenyewe ni nyepesi: unachomeka koleo, unakata mzizi chini kidogo ya uso wa udongo, unasonga mbele. Bondeni, penye unyevunyevu, nikakuta kundi zima la njano. Sikumwuliza mtu. Nilikata la kwanza, la pili, na nilipofika la saba au la nane nikasikia sauti nyuma yangu: "Hebu simama."

Alikuwa kiongozi wetu, bibi mmoja mwalimu mstaafu. Hakunigombeza. Alipiga magoti, akaokota shina nililolilaza, akalipitishia kidole: laini, halina mifereji mirefu kama ya pasinipi. Akakunjua jani. Lilikuwa limegawanyika mara tatu, na kila sehemu imegawanyika tena, kingo zina meno madogo ya msumeno. Jani la pasinipi hupanga vijani vyake jozi kwa jozi kwenye uti mmoja, na kimoja kikamalizia nchani.

"Huyu ni mwenyeji wa hapa," akasema. "Lakini wako wawili wanaofanana. Tazama katikati."

Akanivua glavu moja na kunikabidhi lenzi iliyoning'inia shingoni mwake.

Mwavuli mkubwa ulikuwa umebeba miavuli midogo, na kila mwavuli mdogo umebeba viua visivyozidi punje ya ulezi, petali tano zimejikunja kwa ndani kama vidole vya mtoto aliyelala. Kila kiua kilisimama juu ya kikonyo chake chembamba kama uzi. Isipokuwa kimoja. Katikati kabisa kulikuwa na kiua kilichokaa kitako, hakina kikonyo, wenzake wamekizunguka na kukipita kimo. Nikahamia mwavuli wa pili. Kipo. Wa tatu. Kipo. Pumzi yangu ilikuwa inatia ukungu kwenye kioo, ikabidi niizuie. Mgongo unachomwa na jua, nyuki wadogo wananipita sikioni, nami sitaki kuinuka.

"Kimekaa," nikasema.

"Basi ni Zizia aurea. Kingesimama, ingekuwa Thaspium."

Nilipoinua kichwa ndipo nikamwona kiwavi kwenye shina jingine nililolikata: kijani, ana mistari myeusi yenye madoa ya njano. Nilipomgusa alichomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali ikanipanda puani. Ni mtoto wa kipepeo mweusi, Papilio polyxenes, anayelelewa na mimea ya ukoo wa karoti. Tukamhamishia kwenye Zizia iliyosalimika. Akatulia kidogo, akaanza kula.

Nikamwuliza bibi kama kiwavi angekufa tusingemhamisha. Akafikiri, kisha akasema pengine angetambaa mpaka kwenye pasinipi; hata hiyo anaila.

Jibu hilo sijalimaliza mpaka leo. Nilitaka kiwavi awe upande wangu, auchukie ule mmea ulioniunguza, kumbe kwake ni chakula kama chakula kingine. Na yale mashina saba au nane yalikuwa yamelala chini tayari. Moja nikalibana kwenye daftari.

Jioni hii nimempa mwanangu kioo cha kukuzia. Ua limechakaa, viua vingi vimepukutika, na amelikagua mwavuli mmoja mmoja bila kusema neno. Kwenye wa nne akaniita.