Nilivyowafundisha kusoma watoto waliokuwa wakikariri

Bibi mmoja alinifuata shuleni siku mbili baada ya kumwandikia kwamba mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa langu la pili hapa Mbagala, Dar es Salaam, hajui kusoma. "Mwalimu, mwanangu, huyu jana kanisomea ukurasa mzima," aliniambia, na hakuwa anadanganya. Nilimwamkia, nikamwita mtoto na kumfungulia ukurasa ule ule, naye akausoma wote bila kukwama. Nilipoufunika kwa daftari, akaendelea kusoma vile vile hadi nukta ya mwisho.

Darasa lilikuwa na watoto 93, na kila asubuhi tuliimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti moja iliyofika mpaka ofisi ya walimu. Nilikuwa nikiichukua sauti ile kuwa ndiyo kusoma, kumbe asiyejua alikuwa akijificha ndani yake. Kwa hiyo niliandika maneno kumi niliyoyabuni mwenyewe, kama "tolu", "mefa" na "kesulo", ambayo mtoto hawezi kuwa ameyakariri popote kwa sababu hayapo, nikawaita mmoja mmoja wakati wa mapumziko. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili. Watoto 31 hawakusoma hata neno moja, na saba kati yao hawakuweza kutofautisha irabu. Nilianza na hao saba, dakika ishirini kila siku baada ya vipindi, kwenye mkeka chini ya mwembe.

Mvulana mmoja, nilipomwonyesha silabi "ba", alisema "bea". Nilimrudisha mara tatu, akasema "bea". Usiku wake ndipo nilipoelewa: alikuwa amefundishwa kwamba herufi ile inaitwa "be", naye akaiunganisha na "a" kama tulivyomwelekeza. Alikuwa anaunganisha sawasawa kabisa. Sisi ndio tuliompa jina la herufi mahali alipohitaji sauti yake. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza kutumika mwaka 2015 ulisisitiza sauti, lakini mazoea yetu walimu ni magumu kuyaacha, na nakiri kwamba nami nilikuwa nimeyashikilia.

Niliacha mpangilio wa alfabeti. Baada ya irabu tano nilianza na m, s na l, kwa kuwa sauti hizo zinaweza kuvutwa mdomoni: mtoto husema "mmmm" kwa muda mrefu apendavyo, kisha akaangukia kwenye "a" bila kukata pumzi, na "ma" ikajitengeneza yenyewe, jambo lisilowezekana kwa b au t. Niliomba vizibo vya soda dukani, nikabandika herufi ndani ya kila kimoja. Mtoto alikisukuma kizibo cha m taratibu kuelekea kizibo cha a huku akiivuta sauti, na vizibo vilipogongana silabi ilikuwa imekamilika. Kwa konsonanti hizo tatu tu tulipata mama, lala, sema, lima, simama na asali. Siku ya "asali", binti aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo darasani alisukuma vizibo, akasema "a, sa, li", akanyamaza, kisha akanitazama na kusema, "Mwalimu, asali ya nyuki?" Sijawahi kusahau uso wake.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Herufi b na d, ambazo watoto huzichanganya kwa kufanana umbo, niliziachanisha kwa majuma matano, nikahakikisha b imekaa ndipo nikaileta d. Neno "mlima" lilitaka subira zaidi, kwa sababu m yake ni silabi kamili isiyo na irabu, na watoto wengi waliiongezea irabu wakasema "mulima". Niliwapigisha makofi matatu, moja kwa kila silabi, mpaka mikono ikawafundisha. Silabi za konsonanti mbili na zaidi, kama zile za "nyumba" na "ng'ombe", nilizisogeza hadi muhula wa pili.

Tulipofunga Desemba, watano kati ya wale saba walikuwa wakisoma aya fupi ambazo hawakuwahi kuziona, akiwemo mjukuu wa bibi. Wa sita anasoma maneno ya silabi mbili. Wa saba ndiye aliyeniumiza, kwani nilichelewa kutambua kwamba hakuwa akisikiliza, alikuwa akitazama midomo yangu. Nilipoificha kwa daftari, hakuweza kutofautisha "sa" na "sha". Nilimwomba mama yake ampeleke hospitali akapimwe masikio, na ikabainika kwamba sikio lake la kulia halisikii vizuri. Sasa anakaa dawati la mbele, upande ambao sikio lake zima linanielekea, na tumeanza upya na m.